Jina la Barnabé Katika Kasala ya Dada Yake

Wasikilizaji wapendwa, leo tunamkumbuka Mama Charlotte Mbuyu wa Mutoshi, hapa Kolwezi. Wengi mlimsikia kwenye matanga. Ni yeye aliyeimba kasala: aliwaita mababu wa marehemu kwa majina na sifa zao, bila kusoma popote. Na aliye hai akiitwa katika kasala, desturi ni aitike.

Mwaka jana kansa ya titi ilimpata. Akaanza kimioterapia, dawa kali za kuua kansa, huko Lubumbashi. Nywele zikaanguka, akacheka kwa kumkumbuka baba yake mwenye upara: "Sasa nafanana na tata!" Lakini kwenye matanga ya jirani alikwama. Jina halikuja. Watu wakasubiri, wengine wakatazama chini. Siku hiyo hakucheka.

"Titi bakate," alimwambia mdogo wake Barnabé, dereva wa lori, akiwawaza mababu zao. "Lakini majina ya bankambo ikipotea, mi nabakia nani?"

Barnabé alimpenda dada yake, wasikilizaji. Hilo mlishike. Safarini akasikia habari za vidonge vya antioksidanti, eti vinaukinga ubongo na ukali wa dawa. Akamletea. Daktari alikuwa ameshaonya: utafiti bado unaendelea, na kinachokinga ubongo huenda kikaikinga kansa pia isiuawe na dawa. Asimeze kitu bila kumwambia. Nao hawakumwambia.

Majina yalirudi. Ni vidonge? Hakuna ajuaye. Kansa nayo ikasambaa. Ni vidonge? Hilo nalo hakuna ajuaye.

Siku zake za mwisho, Mama Charlotte alijiimbia kasala yake mwenyewe, maana hakuona wa kumwimbia. Ukoo mzima, hakukwama hata mahali pamoja. Mwishoni akamwita mdogo wake: "Barnabé, mwenye alinilindia kichwa!" Nyumba nzima ikamgeukia. Barnabé hakuitika. Alitoka nje akalia.

Baada ya maziko alimwendea daktari, akamweleza yote. "Tata, siwezi kukupa hatia," daktari alisema, "na siwezi kukuondolea."

Ni Barnabé mwenyewe aliyetuomba tuyaseme haya. "Musimufiche docteur kitu," alituambia. "Yaya, dada yangu, alinisifu. Ile sifa inaniuma kuliko matusi."

Kwa watoto wa Mama Charlotte na ukoo wote, poleni sana. Nanyi mnaouguza, mwambieni daktari kila kitu mgonjwa anachomeza, hata kilicholetwa kwa mapenzi. Semeni mgonjwa angali hai.

Pole, Barnabé. Dada yako alikuita, ukashindwa kujibu. Leo, mbele ya Kolwezi nzima, umeitika.