Zawadi Aliyoitaka Mwalimu Karambu

Mheshimiwa Mwakilishi wa Wadi yetu, Mwenyekiti wa Bodi Mzee Muriithi, Mwalimu Mkuu Bi. Warigia, Mchungaji uliyetufungulia kwa maombi, walimu, wazazi wenzangu, na nyinyi wanafunzi mliosimama huko nyuma kwa sababu viti tumevikalia sisi: hamjambo? Na wewe, Mwalimu Karambu, unayetuaga leo, shikamoo.

Kwa wasionifahamu, mimi ni Kingori, mwenyekiti wa wazazi wa Shule ya Mutoma-ini. Kazi yangu ni kuandika mabango, na ule ubao wa matokeo ulio kando ya lango ni wangu. Niliishia kidato cha nne, kwa hiyo sitazungumza juu ya ualimu kama mtaalamu. Nitasema niliyoyaona nikiwa juu ya ngazi.

Kila Januari, tangu mwaka 2011, nimekuja hapa na rangi nyeupe kuandika wastani wa shule. Mwaka 2014 niliandika 287 kati ya 500. Januari 2024, baada ya mtihani wa mwisho wa darasa la nane, niliandika 241. Sasa hatuandiki alama tena, tunaandika ni wangapi wamefikia matarajio na wangapi wanakaribia. Mzazi mmoja alinikuta nikipima herufi akaniuliza, "Kingori, hawa wa kukaribia wamekaribia wapi? Wako Karatina ama wamefika Kiganjo?" Nilimwambia mimi ni wa rangi tu.

Kwa nini wastani ulishuka? Je, walimu walilala? Je, watoto wa siku hizi ni wajinga kuliko sisi? Nimeyasikia yote mawili kwenye mikutano yetu, na hakuna aliyeleta ushahidi. Ninachoweza kusema ni kwamba shule hii ilibadilika watu. Wazazi wenye uwezo walihamisha watoto wao kwenda akademia za kulipia, na siwalaumu, maana mzazi hutafuta. Nafasi zao zilijazwa na watoto wa vyumba vya kupanga vya mtaa wa chini. Mama anafulia watu nguo, baba ni askari wa usiku, au ni kibarua wa mjengo anayefuata ujenzi ulipo. Kahawa ikiiva Kianyaga, familia inahamia Kianyaga. Majani chai yakiongezeka Kangari, inahamia Kangari. Mwenye nyumba akifunga mlango kwa kufuli lake kwa sababu ya kodi, inahama usiku huohuo. Mtoto anaingia hapa katikati ya muhula na kutoka kabla muhula haujaisha, na mwisho wa mwaka tunauliza kwa nini silabasi haijamwingia.

Walimu wengi, na hili si kosa la mtu mmoja, walizoea kumkalisha mtoto wa aina hiyo kwenye dawati la mlangoni. Ni mpango wenye sababu zake. Huyu ataondoka, kwa nini uwasumbue waliokaa? Wanafunzi wenyewe wakawapa jina, "watu wa mlangoni."

Mwalimu Karambu alikuja kwetu kutoka upande wa Meru miaka kumi na tisa iliyopita kufundisha hesabu. Mwaka wa kwanza alicheka pamoja na watoto walipocheka Kiswahili chake cha Kimeru. Mwaka wa pili alilitoa lile dawati la mlangoni na kulisukuma hadi katikati ya darasa. Kisha akabadilisha namna ya kufundisha. Jumatatu alianza jambo moja, na Ijumaa alilimaliza, liwe dogo kiasi gani. Alisema mtoto akihamishwa Jumamosi, ahame na kitu kizima, asihame na vipande. Ijumaa jioni alisimama mlangoni, na hakuna aliyetoka kabla ya kujibu swali lake: "Umebeba nini?"

Mtoto alijibu, "Nimebeba kutafuta eneo, Mwalimu," akapita. Mwingine, ambaye leo ni baba wa watoto wawili na amekaa pale karibu na spika akijifanya hanisikii, alijibu, "Nimebeba chapati, Mwalimu." Alirudishwa ndani. Ndiyo, Muthee, ni wewe.

Namna hii ilimletea matatizo. Afisa mmoja wa elimu alikuja kukagua akasema, "Mwalimu, uko nyuma ya azimio la kazi." Walionisimulia wanasema alimjibu hivi: "Azimio liko mbele, lakini watoto wako hapa." Alipewa onyo kwa maandishi. Aliendelea kufundisha vilevile.

Je, alikuwa sahihi? Ukiuangalia ubao wangu, huwezi kusema. Darasa lake halikuwahi kuongoza tarafa, na nasema hivyo mbele yake kwa sababu yeye mwenyewe hapendi sifa za uongo. Lakini mwezi wa Machi nilikuwa Kerugoya nikiandika jina la duka la vifaa vya ujenzi. Ndani kulikuwa na kijana anayeweka vigae. Alipima sakafu kwa kamba, akafunga macho kidogo, akamwambia mwenye duka idadi ya maboksi. Mwenye duka akatoa simu yake, akapiga hesabu, akairudisha mfukoni, akaenda kuyatoa maboksi hayohayo. Nilimuuliza kijana alisomea wapi.

"Mahali pengi, mzee. Shule saba. Lakini hii ya kupima nilitoa Nyeri, Mutoma-ini. Nilikaa wiki tatu tu."

"Nani alikufundisha?"

"Jina nimesahau. Ni yule mwalimu wa kusimama kwa mlango. Alikuwa anatuuliza ati tumebeba nini."

Kijana huyo anaitwa Gatobu. Hakufanya mtihani hapa. Wastani wetu haumhesabu, na sijui kama kuna shule yoyote inayomhesabu. Nimeandika ubao ule kwa miaka mingi na sikuwahi kuacha mahali pa mtu kama yeye, kwa sababu hakuna aliyeniagiza.

Sasa nifike kwenye zawadi. Sisi wazazi tulikubaliana kumnunulia Mwalimu tangi la maji la lita elfu mbili. Liko pale kwenye pikapu, mmeliona. Lakini heshima ni kumuuliza mtu anataka nini, kwa hiyo mimi na katibu wetu Mama Wachuka tulikwenda kumuuliza. Alitushukuru kwa tangi. Kisha akasema, "Kama mnataka kunipa kitu, yule mtoto wa langoni apewe kiti kabla sijatoka."

Wengine hamumjui mtoto huyo. Anaitwa Kagure. Alifika wiki ya sita ya muhula huu na nyanya yake, kutoka Kianyaga, akitafuta nafasi ya gredi ya sita. Wiki hiyohiyo Bodi ilikuwa imependekeza kanuni kwamba hakuna mtoto atakayesajiliwa baada ya wiki ya pili ya muhula, asipopita mtihani wa kuingia. Bodi ina sababu zake na ni haki zisemwe. Madarasa yamepita watoto hamsini. Wastani umeshuka. Wazazi waliobaki wanatishia kuondoka. Mzee Muriithi hakupendekeza kanuni hiyo kwa chuki, alipendekeza kwa sababu anaipenda shule hii, na yeye mwenyewe alisoma hapa. Kagure akaambiwa asubiri mpaka Bodi iamue.

Na amesubiri. Kila asubuhi nyanya yake humleta mpaka kibanda cha askari wa lango. Nilikuwepo siku mojawapo askari wetu, Baba Mwai, alipomwambia nyanya huyo, "Cucu, si nilikwambia shule imejaa?"

Nyanya akamjibu, "Imejaa watoto. Mimi nimeleta mtoto, sijaleta ng'ombe. Ungeniambia imejaa ng'ombe ningekuelewa."

Baba Mwai alicheka, akampa mtoto kiti chake. Tangu hapo Kagure hukaa kibandani. Wakati wa mapumziko, wenzake wakinywa uji, Mwalimu Karambu huenda kule na kipande cha chaki na kuandika kwenye mlango wa bati. Ijumaa iliyopita nilikuwa nikipima lango, nikamsikia akimuuliza mtoto, "Umebeba nini?"

"Robo tatu, Mwalimu."

Nyanya akadakia, "Robo tatu ya nini, na mimi hata unga sina?"

Mwalimu Karambu alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha akaacha kucheka, akamtazama mtoto, akasema, "Wiki ijayo ndiyo yangu ya mwisho."

Wiki hiyo inaisha leo.

Mheshimiwa, Mzee Muriithi, Bi. Warigia: tangi tuliweza kulinunua. Kiti hatuwezi kukinunua, maana kiti kiko mikononi mwenu. Siwaombi mnijibu hapa mbele ya wageni, haitakuwa adabu. Najua Bodi inakutana Jumatatu saa mbili asubuhi kuamua. Najua pia kwamba nimeagizwa kuandika bango jipya la lango lenye kanuni hiyo. Ubao nimeshauranda, na mistari nimeshaipiga kwa penseli. Rangi nyeusi sijaiweka.

Jumatatu, mkishamaliza kikao, nitafika na ngazi yangu. Kabla ya kupanda nitachungulia gredi ya sita. Nikimkuta Kagure ameketi darasani, rangi hiyo nyeusi nitaipeleka kwa Mwalimu nimwandikie jina kwenye tangi. Nikimkuta kibandani, nitaandika bango kama mlivyoniagiza, kwa herufi zilizonyooka, kwa sababu hiyo ndiyo kazi yangu na sijawahi kuiharibu makusudi. Ila tujue sote kwamba Mwalimu Karambu atakuwa ameondoka na tangi, na zawadi yake imebaki langoni.

Mwalimu, kwa niaba ya wazazi waliokaa na waliohama, asante. Ungetuuliza leo tumebeba nini, wengi wetu ungeturudisha ndani.

Nawashukuru nyote kwa kunivumilia katika baridi hii. Nimemaliza.