Adeline na makosa makumi ine na tatu

Wasikilizaji wapendwa, munisamehe, ni mimi papa Rémy, musomaji wenu. Adeline Katsuva amekufa. Ninarudia: Adeline Katsuva, fundi wa ordinatere, ni kusema kompyuta, wa redio yetu hapa Bunia, amekufa jana muchana. Alikuwa na miaka makumi tatu na moja. Ninaisema mimi mwenyewe, na siamini.

Munakumbuka vile tulinyamaza siku sita? Ordinatere ya zamani iliungua. Tukapata ingine, yenye Linux mupya, ile programu kubwa yenye kuendesha mashine, lakini programu yenye kupeleka sauti yetu kwa antena ikakataa kabisa. Adeline alitueleza polepole: mutu anaandika programu, kisha kompilatere inaigeuza kuwa kitu chenye mashine inaelewa. Kompilatere ya zamani ilikuwa inafumba macho kwa makosa. Hii mupya, hapana! Ilimutolea makosa makumi ine na tatu.

Aliyaandika yote mu kaye, daftari yake, kwa kalamu ya bic, kwa sababu courant ya umeme inakatika na kaye haizimike. Akisahihisha moja, anapiga kistari. Nikamuchokoza: "Adeline, uko nasahihisha devoir ya mwanafunzi gani?"

"Yako, papa Rémy. Weye ndiye unapenda kusema mu redio."

Directeur wa redio akamuomba azime tu maonyo ya yale makosa, programu ipite. Akakataa. "Kosa ukilifunika, litatoka siku watu iko nangoja komunike, tangazo la kifo."

Alijua watu gani. Mama yake, Joséphine, analima kule Aveba, mbali na hapa. Kule simu zilishatangaza vifo vya watu wenye walikuwa bado hai, mara mbili. Basi wamezoea: redio haijasema, hakuna kulia, hakuna matanga.

Jana saa sita alipiga kistari cha mwisho, akaanzisha kompilatere. Ilihitaji masaa mbili kumaliza. Mimi, mimi Rémy, nikamwambia: "Enda kwanza ukule, mashine haitakimbia." Akapanda moto, ni kusema pikipiki. Saa saba, pale mu mutaa wa Mudzipela, kamio, lori kubwa, likamugonga. Akafa palepale. Yesu wangu!

Saa nane mashine ikamaliza. Makosa sufuri. Habari ya kifo ilishatufikia; hakuna mutu aliyetaka kuigusa.

Kaka yake Gustave alikuwa amepigia mama simu. Mama akamukatalia: "Muache uongo yenu. Redio haijasema. Mutoto wangu iko kazini." Gustave akaja kusimama mu mulango wa studio. "Papa Rémy, mama anakataa. Umebaki weye tu."

Nikabonyeza, jana ile ile. Programu ikafunguka vizuri, bila shida yoyote. Komunike ya kwanza kupita mu kazi ya Adeline ilikuwa ya Adeline. Niliisoma mara mbili, kama desturi. Gustave alikuwa ameshika simu, mama akiwa upande ule, anasikiliza redio. Sote tulimusikia mama akianza kulia.

Mama Joséphine, Gustave, jamaa yote, poleni sana, sana. Matanga iko kwa Gustave, Mudzipela. Maziko ni kesho saa ine.

Na weye unayesikiliza: sauti hii inakufikia kwa sababu ya mutu aliyesahihisha makosa yenye hauwezi kuona. Hata kwako mutu wa vile iko. Umushukuru leo, akiwa bado anakusikia. Siye hapa, siku sita nzima, hakuna hata mumoja aliyemwambia Adeline aksanti.