Mama Komeo na Kamera Iliyofunikwa

Tarehe thelathini ya mwezi huu wa sita, Mama Komeo anakabidhi funguo za kanisa letu baada ya kazi ya miaka ishirini na tisa. Katibu alitaka wasifu huu auandike yeye kwa kuwa amesoma. Nimekataa. Yeye amekuja juzi. Mimi ndiye fundi seremala niliyetengeneza mabenchi mliyoyakalia sasa hivi, na mama huyu nimemwona tangu siku ya kwanza anaingia na ufagio wa kuazima.

Alianza kwa kufagia. Haukupita muda akapewa funguo, maana kila mlango alioufunga aliurudia akausukuma, na jina lake likatokea hapo. Komeo likimshinda aliniita mimi, na mimi sijawahi kushindwa na mlango.

Wapo mnaokumbuka alivyomzuia bwana harusi. Kijana alikuwa amewahi, peke yake, anaingilia mlango wa nyuma kutazama maua. Mama Komeo hakumjua, akamkalisha kwenye kibanda cha getini mpaka bibi harusi alipofika na kusema ndiye. Hata hapo alimtazama kijana juu mpaka chini, akamwuliza bibi harusi kama ana hakika. Leo wana watoto wanne, na yule bwana bado anamwamkia kwa mbali.

Lakini jambo kubwa ni la kamera, na hili nalieleza mwenyewe kwa sababu wengi wanalisimulia kombo.

Wezi walikuwa wamezoea vipaza sauti vyetu. Kampuni ya bima ikachoka, ikatuambia tuweke kamera na ada itapungua. Tusipoweka, tukiibiwa hawatulipi tena. Tukaweka nne. Ngazi nilishika mimi. Ada ikapungua kweli, mhazini akatembea wiki nzima anacheka peke yake.

Ila kamera moja ilitazama pale mbele, watu wanapopiga magoti kuombewa. Wakaacha kwenda. Mtu ana yake moyoni, atalia vipi na jicho linamtazama kutoka darini? Jirani yangu mjane, ambaye hakukosa pale mbele hata siku moja, akahamia nyuma ya nguzo. Mama Komeo akakata pazia kuukuu, akawa anaifunika kamera ile kwa fimbo ndefu wakati wa maombi, na yakiisha anaifunua. Fimbo niliiranda mimi. Watu wakarudi.

Mpaka Jumapili ile ya joto. Mlango wa pembeni tuliuacha wazi tupate hewa, watu wamefumba macho, kamera nayo imefumbwa. Tukasema amina, kinanda hakipo. Vipaza sauti navyo vimekifuata.

Mkaguzi wa bima akaja, akatazama picha za kamera ile, akakuta giza tupu. Mkataba ulisema kamera zote zifanye kazi wakati wote, kwa hiyo fidia ilikuwa inatuponyoka. Wazee wa kanisa wakatafuta wa kumbebesha lawama. Wakataka Mama Komeo aondoke siku ileile bila kiinua mgongo, na alikuwa amebakiza miaka miwili tu astaafu. Katibu wa wakati ule alinong'ona kwamba tuseme umeme ulikatika. Mama Komeo akamsogeza pembeni kama kiti, akasimama mbele ya mkaguzi.

"Kitambaa nimekiweka mimi, mwanangu," alisema. "Kaa nasi ibada moja, halafu uandike unachotaka."

Mkaguzi akaja Jumapili, akakaa benchi la tatu. Mchungaji akawaita wanaotaka kuombewa. Kamera iko wazi. Hakuinuka mtu. Akaita tena; kikohozi tu. Ndipo Mama Komeo alipochukua fimbo yake, bila haraka, akafunika. Jirani yangu akatoka nyuma ya nguzo. Wengine wakamfuata, nafasi ikajaa hadi ukutani. Mkaguzi alitazama viatu vyake muda mrefu.

Hakutuahidi kitu. Alikwenda kwa wakubwa zake na kuwaeleza kwamba kamera ya getini, ambayo hakuna aliyeigusa, iliwanasa wezi na kinanda wamekiviringisha shuka kama mgonjwa. Akawashauri pia kwamba ile ya ndani igeuzwe, ilinde milango na vyombo, magoti ya watu iyaache. Wakubwa wakakubali. Mkataba ukaandikwa upya, ada haikupanda, fidia ikatoka, na kinanda mnachokisikia leo ndicho tulichokinunua kwa fidia hiyo. Wale wazee wakaja kumwomba Mama Komeo radhi, naye akawapa. Ningekuwa mimi, wangengoja.

Habari zikatembea. Msikiti wa mtaa wa pili ukatuma watu kuuliza tulifanyaje, Mama Komeo akawaelekeza, nao wakageuza za kwao. Ngazi kule pia nilishika mimi.

Mama Komeo, miaka yote hii sisi tulipopiga magoti, wewe ulisimama mlangoni ukitulinda. Kuanzia Jumapili ijayo mlango una mtu mwingine. Njoo mbele, nafasi tumekuachia, na hakuna jicho linalotazama huko. Ahsante sana. Uzee wako uwe mwepesi, na ukilia, ulie kwa raha zako.