Utepe Mweusi Juu ya Taa ya Injini

Nilimbandikia fundi utepe wake mweusi kwenye kioo cha mashine yake ya kupimia magari, katikati ya gereji, wateja wanaangalia. Nikamwambia, "Haya, sasa pima." Kisha nikaubandua, nikaondoka nao.

Mama zangu, shikamooni. Mlisikia tu kwamba nilitukana watu Njoro. Leo sikieni tangu mwanzo.

Mnakijua kigari changu, ndicho kinachoshusha maziwa yenu kutoka huku Machame hadi mjini. Siku moja kilizima chenyewe njiani, kikawaka tena, lakini taa ya njano ya injini ikabaki inawaka. Nikakipeleka gereji, kule Njoro. Fundi akachomeka mashine, ikatoa namba ya hitilafu: sensa ya krenki, ile inayoiambia kompyuta ya gari kwamba injini inazunguka. Akabonyeza, namba ikafutika, taa ikazima. "Tayari, dada." Hata boneti hakufungua.

Wiki haikuisha, ikarudi. Akafuta. Ikarudi tena. Mara ya tatu nikamuuliza, "Fundi, mbona unafuta tu?"

"Dada, kwani unaendesha gari au unaendesha taa?" Gereji nzima ikacheka. Akaniambia nikanywe chai kwanza. Niliporudi taa imezima, na haikuwaka tena.

Ndugu zangu, nawaambia kinachoniuma: nilifurahi. Nilimsifia hapa hapa, mkanisikia.

Asubuhi moja nashuka na madumu, binti yangu wa miaka minne kando yangu. Kwenye mteremko wa kuelekea darajani injini ikafa. Mnaoendesha mnajua: injini ikifa, breki inakuwa ngumu kama jiwe, na usukani vilevile. Nilikanyaga kwa miguu yote miwili. Upande mmoja bonde, upande mwingine migomba. Nikaingia kwenye migomba. Maziwa yote yakamwagika. Mwanangu alivunjika mkono mahali pawili, na hakulia. Alinitazama tu. Yale macho ninayo mpaka leo.

Kigari kikavutwa hadi Himo, kwa dada mmoja fundi. Nilipopata nguvu ya kwenda, akaniambia, "Zungusha ufunguo, usipige stata. Taa zimewaka?"

"Zimewaka."

"Na ya injini?"

Nikatazama. Haikuwepo.

"Hiyo lazima ijionyeshe kabla gari halijawaka. Isipojionyesha, kuna mtu kaiziba."

Akafungua dashibodi. Kipande cha utepe mweusi, kimekatwa kwa mkasi, duara safi kabisa. Nilikaa chini pale pale kwenye oili.

Sensa yenyewe ilikuwa nzima. Waya wake ndio ulioungua kwa kugusa bomba la moshi. Ukipata joto unakata, ukipoa unashika. Aliutikisa tu, akauona. "Namba inakuonyesha pa kutazama," alisema. "Haikutengenezei."

Asanteni mliobeba maziwa kichwani miezi yote niliyokaa na mwanangu wodini, kisha nyumbani. Asante mama mkwe, ulinisemesha nilipokuwa sitaki kusema na mtu. Asante dada wa Himo. Mkono wa mwanangu haunyooki sawasawa, lakini juzi ameshika kikombe mwenyewe. Nami nimerudi barabarani, mteremko ule ule.

Msitoke gereji kabla hamjazungusha ufunguo mkaiona taa hiyo ikiwaka, kisha gari likiwaka izime. Wakicheka, waacheni wacheke. Msiondoke.

Na sikuishia kubandika utepe. Nimepeleka barua kwa umoja wa mafundi, nakala kwa mtendaji wa kata, ikagongwa muhuri mbele yangu. Jina lake limo humo, hapa silitaji. Nimeandika hivi:

"Nalalamika kwamba fundi huyu aliisoma hitilafu mara tatu, aliijua, na badala ya kuitengeneza akaifunika nisiione. Mwanangu ameumia. Naomba asiguse gari la mtu yeyote mpaka shauri hili lisikilizwe. Maziwa sidai. Kielelezo kimeambatishwa: utepe mweusi, kipande kimoja."