Bi Chausiku wa Kihonda na Granola ya Kulowekwa

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu na redio. Kama uji uko jikoni, punguza moto, uje ukae. Mimi ni Jesca, na leo tunamkumbuka Bi Chausiku, Mama Raya, wa Kihonda hapa kwetu Morogoro. Wiki iliyopita ametangulia mbele ya haki, baada ya kuugua kifua kwa muda mfupi. Amezikwa kwao Mlali, kule milima inapoanzia. Wengi wenu mlimjua kwa jina moja tu: Mama Granola.

Niseme mapema. Nilikwenda msibani kulia, nikarudi mbavu zinaniuma kwa kucheka. Msinilaumu. Mkimaliza kusikiliza mtanielewa.

Kwanza, kwa yule ambaye hajawahi kuionja. Granola ni oti, ile nafaka bapa inayouzwa madukani, ikachanganywa na karanga, ufuta, mbegu za maboga, nazi iliyokunwa, mdalasini wa milimani na asali, kisha ikaokwa mpaka ikauke na kubadilika rangi. Asubuhi unaila kwa mtindi. Mchana unaweka kiganjani, unatafuna ukiendelea na shughuli zako. Bi Chausiku aliijulia kwenye nyumba ya wageni mjini, alikokuwa mpishi, pale wanapofikia watu wanaopanda Uluguru. Wageni waliiulizia kila asubuhi, na pakiti zikiisha zimeisha. Siku moja akaonja, akatafuna, akafumba macho. Akasema, "Kumbe ni karanga na asali! Hii mbona naipika mwenyewe?"

Akaanza kuipika nyumbani na kuiuza mtaani. Oveni hakuwa nayo. Alikuwa na jiko la mkaa na sufuria pana. Moto kidogo chini, makaa juu ya mfuniko, kama tunavyooka keki za sikukuu. Anafunua, anageuza kwa mwiko, anafunika. Anafunua tena, anageuza tena. Ukimsemesha wakati huo, umejitakia. Jirani yake, Mama Paskalia, anaapa kwamba siku moja alimkimbilia kumwambia mbuzi wameingia kwenye mahindi yake. Bi Chausiku hakugeuza hata shingo. Alijibu, "Waambie wasubiri, nageuza."

Ikiiva anaimwaga kwenye sinia ipoe. Na hapo, wasikilizaji wapendwa, ndipo ilipokuwa sheria yake kuu. Granola lazima ilie mdomoni. Narudia: lazima ilie. "Isipolia ka-ka-ka," alikuwa akisema, "hiyo ni pumba, wapelekee bata." Aliyethubutu kuitia kwenye chai ikalainika alinyang'anywa kikombe, awe mtoto au mwenyekiti wa mtaa.

Sasa mfahamuni kaka yake, Mzee Mansuri, mkulima wa Mlali. Ni kaka yake wa tumbo moja. Ujanani mwake mzee huyu alisifika kwa kitu kimoja: meno. Alimenya muwa kwa meno. Alifungua soda kwa meno. Wazee wa Mlali wanasema kwenye harusi moja alinyanyua kiti kwa meno, ngoma ikasimama, watu wakaacha bibi harusi wakamtazama yeye. Na mnajua Waluguru walivyo. Mjomba ndiye mwenye neno. Mjomba asiposema, binti haolewi.

Basi binti wa Bi Chausiku, Raya, akapata mchumba. Kijana Sufiani, wa kiwandani hapo hapo Kihonda. Wazee wa Sufiani wakaja kuposa, na Mzee Mansuri akaitwa kutoka Mlali aje atoe neno. Akaja na kanzu yake safi na jogoo mwekundu kwapani, zawadi ya nyumbani. Jogoo akafungwa mguu barazani. Wakwe wamekaa mkekani. Na Bi Chausiku, badala ya supu na chapati, akaja na fahari yake. Akamwekea kaka yake bakuli la granola, kavu, imejaa mpaka juu, na mtindi pembeni. Akamwambia, "Kaka, karibu. Wahi isije ikalainika."

Mzee Mansuri akalitazama bakuli. Akawatazama wakwe. Akasema kwa upole kabisa, "Ahsante, mdogo wangu. Yaani umemkumbuka hadi jogoo." Akainuka, akatoka barazani, akammwagia jogoo bakuli zima.

Jogoo akala. Akamaliza. Akapangusa mdomo ardhini.

"Kaka!" akapiga kelele Bi Chausiku. "Hicho ni chakula chako!"

"Chakula changu?" akauliza Mzee Mansuri. "Mimi mtu mzima, umeniita mbele ya wakwe, unipe chakula cha kuku? Mgeni hupikiwa, Chausiku. Hapewi vitu vya kudonoa."

Akavaa kofia yake, akarudi Mlali. Neno la posa hakulitoa.

Hapo ndugu wawili wa tumbo moja wakanuniana. Bi Chausiku akaapa hatampikia kaka yake chochote mpaka ale granola mbele ya watu, na ilie wote wasikie. Mzee Mansuri akatuma salamu: hatakanyaga Kihonda mpaka aombwe radhi na yule jogoo achinjwe. Na Bi Chausiku hakutaka kumchinja jogoo. "Nimchinje kwa kosa gani?" alisema. "Huyu ndiye pekee aliyekula akamaliza." Akampa jina, Mgeni Rasmi. Kila granola iliyotoka jikoni, kiganja cha kwanza kilikuwa cha Mgeni Rasmi. Jogoo akikataa, haiuzwi. Jogoo akanenepa, akawa anatembea kwa madaha kama diwani.

Na Raya? Raya alikuwa katikati. Aliniambia mwenyewe pale msibani, "Dada Jesca, mimi nilikuwa nasubiri kuolewa, wao wanagombania kuku."

Wakwe nao wakaanza kuchoka. Baba mkubwa wa Sufiani, Mzee Abdulmajid, akaja kuuliza kwa adabu. "Jogoo tunamheshimu," alisema, "lakini mtoto wetu anazeeka." Alipoondoka akadokeza kwamba Kingolwira nako kuna mabinti waliolelewa vizuri, na wajomba zao hawana makuu. Raya akajifungia chumbani, akalia mpaka kope zikavimba. Alimpenda Sufiani. Hilo halikuwa la mzaha. Na neno lililotakiwa lilikuwa kinywani mwa mtu mmoja tu, Mzee Mansuri.

Mama ni mama. Bi Chausiku akajitanda khanga, akatia kopo la granola kikapuni, akaenda Mlali bila kumwarifu mtu. Waliomwona akitoka wanasema alikuwa amekunja uso, na walimwonea huruma kaka yake. Kesho yake akarudi, mpole. Akawaita wanawake wa mtaa, akasema maneno ambayo hakuna aliyeyatarajia.

"Jamani, nilikuwa nakosea. Granola halisi hulowekwa. Unailaza kwenye mtindi usiku kucha, asubuhi imelainika, ndipo inaliwa."

Mama Paskalia anasema, "Nilijua karogwa. Mwanamke aliyeninyang'anya kikombe changu mwenyewe, nyumbani kwangu, kwa sababu nimeilainisha! Leo ananiambia nilainishe!"

Lakini ukali ulikuwa ule ule. Sheria tu ndiyo iligeuka. Sasa aliyeila kavu ndiye aliyenyang'anywa bakuli. Kihonda ikaloweka. Wanachuo wakaloweka. Mafundi wa gereji waliozoea kuitoa mifukoni na kuitafuna wakaletewa vikopo vya mtindi. Hakuna aliyejua kwa nini, na hakuna aliyekuwa na ubavu wa kuuliza.

Mzee Mansuri akaja Kihonda. Wakwe wakaitwa tena. Safari hii kila mtu mkekani aliwekewa bakuli lake, na zote zilikuwa zimelowekwa. Mzee Mansuri akala. Akamaliza, akafuta ndevu, akaomba aongezwe. Kisha akakohoa kidogo, akatoa neno lake, na Raya akapata mume. Vigelegele vilisikika mpaka barabara kuu.

Kijana mmoja akaja na kisu kumfuata Mgeni Rasmi, maana sherehe ni sherehe. Mzee Mansuri akainua mkono. "Mwacheni," akasema. "Mimi na huyu tumekula chakula kimoja." Wasikilizaji wapendwa, watu walitokwa na machozi. Wakamsifu mzee kwa moyo wake wa huruma. Jogoo yule akaishi mpaka uzee ukamchukua mwenyewe.

Miaka ikapita. Kihonda ikaendelea kula granola laini. Na Raya alinieleza jambo moja ambalo lilimtatiza utoto wote wa wanawe. Akienda kumtembelea mama yake, mara nyingine alikuta mlango wa jikoni umefungwa kwa ndani, na ndani kunasikika ka-ka-ka, ka-ka-ka. Anabisha. Kimya. "Mama, unafanya nini humo?" Na mama anajibu, "Nafukuza panya."

Sasa nifike kwenye hitima. Dua imekwisha, watu wamekaa, wengine wanatafuta viatu. Mzee Mansuri akasimama, fimbo mkononi. Akavua kofia. Akasema ana deni la maneno, na aliyemwekea siri ameshazikwa, kwa hiyo siri nayo haina tena pa kukaa.

"Siku ile ya jogoo," alisema, "magego yangu yalikuwa yameshakwisha. Yalibaki haya ya mbele, ya kujibia salamu. Mimi Mansuri, wa kunyanyua kiti! Ningetafunaje vile vitu mbele ya wakwe? Nikamwona jogoo. Nikamshukuru Mungu."

Watu wakaanza kucheka chini chini. Mzee akaendelea.

"Chausiku alipokuja Mlali alinikuta nyuma ya nyumba, nimechuchumaa na kinu, natwanga karanga za kuchoma nipate kuzila. Nimejificha kama mwizi. Akanitazama, akatazama kinu, akacheka mpaka akakaa chini kwenye majani. Halafu akaona mimi sicheki. Akaacha. Akaniuliza, 'Kaka, ikilowekwa utaweza?' Nikasema nitaweza. Lakini nikamwambia, mdogo wangu, nikila ya peke yangu watu watajua. Akasema, 'Hawatajua. Nitawalowekea wote.'"

 Nilimwona Mama Paskalia akiweka mkono mdomoni.

"Na yule jogoo," akasema mzee, "msinisifu bure. Jogoo mzee kiasi kile, ningemtafuna kwa meno gani?"

Hapo msiba mzima ukaangua kicheko. Sheikh mwenyewe alijifunika uso kwa kitambaa, mabega yanamtikisika. Mzee Mansuri naye alicheka, mdomo wazi, bila kuficha chochote. Kisha machozi yakamshinda. Alisema, "Amewalisha Kihonda nzima kama vibogoyo, ili kibogoyo nisionekane. Na yeye alipenda ile inayolia." Raya akaenda akamkalisha chini, akamshika mkono, asiuachie mpaka watu walipoanza kutawanyika.

Wasikilizaji wapendwa, kwa niaba ya wenzangu wote hapa studioni, natoa pole kwa Raya, kwa Sufiani na watoto, na kwa Mzee Mansuri kule Mlali, najua anasikiliza. Poleni sana. Mwenyezi Mungu ampumzishe Bi Chausiku mahali pema.

Na wewe unayenisikia, huenda yupo ndugu aliyekataa chakula chako, au mwaliko wako, au zawadi yako, nawe ukanuna, na bado umenuna. Mfuate. Usimpelekee kesi, wala usiende na mashahidi. Muulize mkiwa wawili tu, kitu gani kinamuuma. Akikwambia, ukitaka kucheka, cheka kidogo. Kisha nyamaza, ukamsitiri.