Filimbi ya Pili

Ndani ya basi, fundi cherehani alijifanya amesinzia, lakini masikio yote yalikuwa kiti cha mbele, ambako bibi mmoja alikuwa amembaini mwalimu wa michezo wa mjukuu wake.

"Mwanangu, ndiye wewe unayewafundisha watoto kugeuka sanamu filimbi ikilia?"

"Ndiyo, mama. Wanajifunza kutulia."

"Wametulia. Jana birika limepiga mluzi, mtoto kaganda mlangoni na mguu mmoja juu. Babu yake ikabidi atokee dirishani."

"Na hakutikisika?" mwalimu akauliza, uso umemng'aa.

"Nakwambia mzee wa watu katokea dirishani."

"Mama, wanafunguliwa kwa filimbi ya pili. Ungechemsha maji tena."

Bibi akamtazama kama anayempimia kofi. Fundi akasahau kwamba yuko usingizini, akacheka.

Kituo kilipokaribia, mwalimu akainuka na neti yake ya mipira, akaelekea mlangoni. Kondakta akapuliza filimbi kumwashiria dereva. Basi likasimama, na mwalimu naye akasimama, mguu mmoja hewani, abiria wanaoshuka wamerundikana nyuma yake.

"Haya," bibi akasema, akijiweka vizuri kitini, "nani ana birika?"