Ndege Isiyoruka ni Kabati

Basi la njano lilitutoa maegeshoni kutupeleka uwanja wa ndege, hapa kwetu Ohio, siku ya maonyesho ya ndege za zamani. Mbele yangu alikaa Duane, mmoja wa wazee wanaoitunza Dakota, ndege kuukuu ya mizigo ya jeshi, kucha zake nyeusi kwa oili. Bibi aliyekaa naye hakumpa nafasi ya kupumua.

“Ndege ya vita vya baba yangu, mnairusha kama tiara! Si muiweke makumbusho?”

“Ndege isiyoruka, mama, ni kabati.”

“Kabati halianguki. Na ile oili inayochuruzika mpaka mmeitegea masufuria?”

“Ikivuja tunashukuru. Isipovuja, ujue oili imekwisha.”

Nikacheka. Bibi akanitolea jicho, nikageukia dirishani.

“Baba aliruka na mwavuli kutoka ndege kama hiyo, kule Ufaransa,” akasema polepole. “Mimi nilikuwa tumboni. Hakurudi.”

Basi liliposimama, ng’ambo ya nyasi injini ya Dakota ikakohoa, ikatoa moshi, kisha ikanguruma mpaka vioo vyetu vikatetemeka.

“Ndiyo sauti aliyoisikia baba?” bibi akauliza.

“Ndiyo hiyo hiyo, mama.”

Bibi akashika mkongojo wake, akainuka.

“Bado nasema muiegeshe,” akasema. “Lakini si leo.”